Harambee ya ving'ora vya jarife: tusaidieni pomboo wasife nyavuni mwetu

Assalaam alaykum.

Wazee wetu, ndugu zetu na watoto wetu mlioko Unguja, Dar es Salaam, Muscat, Dubai na London, tumerudi kwenu tena, na haya tunaiona. Mlipochangia kisima cha msikiti hamkungoja kuombwa mara mbili, ndiyo maana tumethubutu.

Sisi ni wavuvi wa jarife, wavu mrefu wa kuelea, wa upande wa Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja. Jarife hutegwa jioni, huelea na mkondo usiku kucha, huvutwa alfajiri. Tunatafuta jodari na nguru, lakini pomboo naye hupita humo humo. Pomboo huijua njia kwa mwangwi wa sauti yake, na uzi mwembamba wa nailoni haurudishi mwangwi wa kutosha. Mara nyingine hupita kimya, hatoi sauti kabisa. Akinasa hawezi kupanda kuvuta pumzi. Alfajiri huja amekufa, uzi umemkata mdomo na mapezi, mkia umezongwa na kamba ya juu, na pengine mtoto kanasa ubavuni pake. Jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka kadhaa kabla hajazaa tena. Aina yenye nundu mgongoni imeshaingia kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nasi, kumtoa ni kukata wavu, na chombo kinalala pwani mpaka ushonwe. Tusisahau pia kwamba pomboo hawa hawa ndio wanaoleta wageni Kizimkazi, na nyumba nyingi za kusini zinakula kwa hilo.

Tunachokiomba ni ving'ora vya chini ya maji. Ni kichupa kigumu cha plastiki chenye betri ndani, kinachojiwasha kikigusa maji. Hutoa mlio wa kilohezi 10 kila baada ya sekunde 4, na pomboo akiusikia hujitenga na wavu. Jodari na nguru hawasikii sauti nyembamba kiasi hicho, kwa hiyo mavuno hayapungui. Huko Ghuba ya Maine, Marekani, mwaka 1994, nyavu zenye ving'ora zilinasa pomboo wadogo 2 wa bahari za baridi. Zisizo navyo, karibu idadi ile ile, zilinasa 25. Pomboo wetu ni wa aina nyingine, na wengine huweza kuuzoea mlio, basi kila chombo kitaandika kilichonasa, usiku kwa usiku.

Kazi yenyewe inataka uangalifu. King'ora hufungwa kwenye kamba ya juu, katikati ya maboya mawili, kwa ncha zake zote mbili, kikilala sambamba na kamba; kikining'inia ncha moja hujizongazonga na matundu wakati wa kuvuta. Hukaa kila mita 100, na kimoja kila mwisho wa wavu. Betri moja ikifa katikati ni hatari kubwa, kwa sababu pale penye kimya pomboo huweza kupaona kama mlango. Kwa hiyo kabla ya kutega, kila kimoja kitachovywa maji na kusikilizwa, maana mlio huo hata sikio la mtu linaupata. Mpira wa kifuniko ufutwe mchanga kila betri inapobadilishwa, la sivyo maji ya chumvi huingia na kifaa kimekwisha.

Hesabu ni hii. Vyombo 10, kila jarife mita 600, ving'ora 7 kwa kila moja: 70, na 6 vya akiba. Bei tuliyopewa, pamoja na usafiri na ushuru, ni shilingi 250,000 kimoja, jumla milioni 19. Kila chombo kimeshatoa laki 4, tunazo milioni 4. Zimebaki milioni 15. Betri za baadaye ni juu ya wenye vyombo.

Fedha zipokewe na mweka hazina mbele ya mashahidi wawili. Risiti na majina vitabandikwa dikoni, pale tunaposhushia samaki, na msikitini kila Ijumaa. Asiyetaka jina lake liandikwe aseme.

Mwenye uwezo wa king'ora kizima atoe, mwenye elfu tano asione haya kuileta. Waliokula samaki wa diko hili toka utotoni wanajijua. Oda inatakiwa itoke kabla ya mwisho wa mwezi. Anayekuja likizo kutoka Muscat na ana nafasi ya mzigo, atuarifu mapema. Ving'ora 76 vinaingia katika maboksi machache tu.