Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Burundi: dola ya mkulima wa kahawa inapotelea wapi?

Amahoro Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuza spea za magari hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Najua ofisini kwako barua zinaingia kwa Kifaransa na Kirundi, ila Kiswahili mnakielewa vizuri tu, kwahiyo naandika hivihivi ninavyoongea dukani na wateja, utanisamehe.

Nina jambo moja tu na ni la bei ya dola. Sio kwamba dola imepanda, hilo kila mtu analia nalo. Nataka tuongelee zile bei mbili, ya benki na ya mtaani, na nani hasa anayelipia tofauti yake, maana kwa hesabu zangu anayelipa ni mtu ambaye maishani mwake hajawahi kushika dola.

Mjomba wangu analima kahawa Kayanza (sa hivi mkoa unaitwa Butanyerera, bado sijazoea). Shamba lake halifiki nusu hekta kama watu wengi wa huko, humohumo kuna kahawa, migomba, maharage na mihogo kidogo. Msimu ukianza Machi yeye na mke wake na watoto wanachuma tunda mojamoja, lile jekundu tu, wanabeba kichwani mpaka kituo cha kuoshea, pale matunda yanamwagwa kwenye beseni la maji, yanayoelea yanatolewa pembeni yanahesabiwa ni ya daraja la chini, yaliyozama ndio yanaenda kwenye mzani. Anapewa karatasi imeandikwa kilo. Karatasi hiyo mheshimiwa ndio hela yake ya mwaka mzima, anaikunja anaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe halafu anasubiri. Kuna msimu alisubiri hadi wenzake wakapanda, yeye hela ya mbolea hana. Kituo sikitaji na wala sio cha kwake peke yake, wakulima wa kahawa kuchelewa kulipwa hata wewe unalijua.

Sasa njoo kwenye dola. Februari 2025 kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa pauni (ya uzito, haifiki nusu kilo), yani karibu dola 9 kwa kilo ya kahawa iliyokobolewa, na kilo hiyo moja inatoka kwenye kilo kama sita au saba za matunda ya mjomba. Dola 9 zikibadilishwa kwa bei ya benki, tuseme 3,000, ni faranga 27,000. Mtaani 2025 dola ilishapita 7,000, kwahiyo dola 9 zilezile ni 63,000. Elfu 36 zimeyeyuka kwenye kilo moja, na hakuna aliyeiba, ni bei tu imeandikwa hivyo!

Sisemi zote 63,000 ni za mjomba. Kuna anayeosha, kuna anayekoboa, kuna lori mpaka Dar, kuna mwenye kampuni ya kuuza nje. Lakini bei ya mkulima mnaipanga nyie kabla ya msimu, na kama hesabu yote imeanzia kwenye 27,000 basi yeye anapata kilichobaki baada ya wote kuchukua chao, halafu akienda nacho sokoni anakuta sabuni, bati, mchele wa Tanzania, nguo, kila kitu kimepigiwa hesabu ya dola ya mtaani. Anauza kwa dola ya 3,000, ananunua kwa dola ya 7,000. Sisi wa duka hiyo tunaiita kodi, na hii haijawahi kupigiwa kura bungeni.

Na hapo mimi mwenyewe nimo. Nikienda benki kuomba dola za kuagiza mzigo naambiwa subiri, basi nanunua mtaani, mzigo unashuka Dar, unakuja kwa barabara zaidi ya kilomita 1,500 unaingilia mpakani Kobero, ukifika hapa plati ya klachi naipangia bei kwa dola niliyonunulia, sina namna nyingine. Anayeinunua ni dereva wa Probox, yale magari madogo ya abiria, anayefanya njia ya Kayanza. Na yeye anaipandisha kwenye nauli. Na anayepanda hiyo Probox na kiroba chake cha maharage unamjua ni nani.

Najua utaniambia dola ya bei ya chini inawasaidia wananchi, inaleta dawa na mafuta. Dawa nakubali, mgonjwa wa kisukari asiachiwe bei ya mtaani, hilo sibishani. Ila mafuta mheshimiwa, hebu tuwe wakweli. Esansi, yani petroli, inaagizwa kwa dola ya benki, bei ya kituoni inatangazwa ni nafuu, kituoni sasa uipate, magari yanalala kwenye foleni, halafu hiyohiyo esansi unaikuta kwenye madumu uchochoroni kwa bei mara kadhaa. Watu wamevuka mpaka Uvira kwenda kutafuta mafuta, Kongo kwenye vita! Sasa ile faida aliyonyimwa mjomba ili mafuta yawe nafuu imeenda kwa nani? Kwa mwananchi haikufika, imeishia kwa mwenye dumu na aliyemjazia.

Kahawa nayo ina miguu. Mpaka wa Rwanda tumeufunga tangu Januari 2024, sawa, lakini Kayanza iko pembeni kabisa ya mpaka na watu wa huko wanajua vijia vyote, kahawa inavuka usiku. Mnawakamata, mnawatangaza kwenye redio kwamba ni wahujumu uchumi, wengine kweli ni matajiri wenye mtandao, ila wengi ni watu waliopiga hesabu kama niliyoipiga hapo juu. Kila gunia linalovuka usiku ni dola ambazo benki kuu haitaziona, benki ikikosa dola mtaani zinapanda tena, zikipanda gunia lingine linavuka. Polisi hawawezi kukimbiza bei.

Mei 2023 mlishusha faranga, dola ya benki ikatoka kwenye elfu mbili na kidogo hadi karibu 2,800. Watu walipiga kelele, lakini mtaa haukusubiri, ulikuwa juu tayari na ukaendelea kwenda. Ndio maana nasema woga wa kwamba tukisogeza bei ya benki vitu vitapanda, kwa upande wa dukani umepitwa na wakati. Vitu vilishapanda. Kilichobaki chini ni mapato ya mkulima.

Reli ya Uvinza kule Tanzania hadi Musongati hapa kwetu, zile kilomita 282, nilifurahi sana mlipozindua ujenzi Agosti 2025, na eneo letu la bandari kavu pale Kwala, Tanzania, ni jambo zuri, mimi mwenye mzigo ndio nitafaidi wa kwanza. Ila treni inakuja na inarudi. Nikeli ya Musongati ya kupakia ipo ndio, lakini wanaolima ni watu zaidi ya nane kwa kila kumi nchi hii, wao watapakia nini kama kahawa imeshapita kichakani?

Ninachokuomba hakihitaji mkopo. Msimu ujao kabla ya Machi, mnapotangaza bei ya kilo ya matunda, tangazeni na bei ya dola mliyopigia hesabu, kila mtu aione. Vyama vya wakulima viruhusiwe kubaki na sehemu ya dola zao kwenye akaunti na kuziuza kwa bei wanayoelewana na sisi waagizaji, mimi nitakuwa mteja wa kwanza, afadhali nimpe mjomba kuliko yule wa uchochoroni. Na kila mwezi bandikeni orodha ya waliopewa dola kwa bei ya benki, kiasi gani na za kuleta nini, ili tukikuta bidhaa hiyo sokoni kwa bei ya mtaani tujue wa kumuuliza.

Hii ya orodha mnaweza kuianza hata wiki ijayo, majina mnayo.

Wako,
Muuza spea, Buyenzi