Mama mdogo, ndiyo, nawafundisha mapenzi

Mama mdogo, shikamoo.

Siku ile ya kipaimara kule Kibosho, ndafu ikiwa bado mezani, uliniuliza mbele ya watu: "Hivi ni kweli mwalimu unawafundisha watoto wetu mapenzi?" Nilikujibu vibaya, nikanyanyuka nikaondoka. Wiki ya tatu hii swali lako linanizunguka kichwani. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wazazi wengi wananiuliza hilo hilo, ila wao hawana ujasiri wako.

Ndiyo, nawafundisha. Ngoja nikusimulie kipindi kimoja.

Ilikuwa Mei, mvua inapiga bati mpaka napaza sauti. Kidato cha tatu. Nilikuwa nimeandika ubaoni soneti ya 18 ya Shakespeare, mistari yote 14, ile ambayo mshairi anajiuliza kama amlinganishe ampendaye na siku ya kiangazi. Darasa kimya. Hatimaye binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, hapo anamsifia au anamtukana?"

Swali la haki kabisa. Kwetu Moshi kiangazi ni vumbi, mahindi yamenyauka tambarare, ndoo zimepanga foleni bombani. Halafu mshairi anazungumzia machipukizi mazuri ya Mei! Mei yetu ni tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mlima unaweza kukaa wiki nzima hujauona. Ikabidi nieleze kwamba Uingereza msimu wa joto unangojewa kwa hamu, unakuja baada ya baridi ndefu na haukawii kuondoka. Mshairi mwenyewe analalamika kwamba kiangazi kimepangishwa kwa muda mfupi mno.

Nikawauliza, haya, wewe ungemlinganisha na nini? Kijana mmoja mpole, ambaye huwa hasemi kitu darasani, akasema: Kibo saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Wenzake wakapiga meza. Yule binti hakucheka. Akamgeukia: "Na saa nne, mawingu yakishafunika?" Kijana akafikiri kidogo, akaacha Kiingereza, akasema, "Nitajua bado upo."

Mama mdogo, niliweka chaki chini. Hilo ndilo lililomhangaisha Shakespeare shairi zima: uzuri utapita, je, kitabaki nini? Yeye alijibu kwamba shairi litabaki, na mpendwa ataishi humo. Soneti zake zilichapishwa 1609, na kijana wa Moshi alikuwa anabishana naye kana kwamba wamekaa dawati moja.

Kengele ilikuwa bado, basi nikavunja sheria ya Kiingereza kitupu kwa dakika kumi. Niliwaomba maneno yetu wenyewe. Ubao ukajaa: upendo, mapenzi, mahaba, huba. Wakagombana lipi ni la mama kwa mwanawe na lipi ni la wachumba. Lakini walipofika kwenye kitenzi wakakwama, maana tunacho kimoja kwa yote. Napenda ndizi. Nampenda bibi. Nakupenda. Mtu mwenye nia mbaya anajificha humo humo.

Najua unachokiogopa. Unamfikiria yule binti wa jirani yako. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inamfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba, na tangu mwishoni mwa 2021 binti mwenyewe anaruhusiwa kurudi darasani. Ni vizuri. Lakini yote hayo yanakuja baada ya maneno. Mabinti wetu wanaambiwa "nakupenda" kituo cha daladala, pamoja na sahani ya chipsi na lifti ya bodaboda, na hakuna aliyewahi kukaa nao kuyapima maneno hayo. Tukisoma tamthilia ya Wole Soyinka, The Lion and the Jewel, tunamkuta mzee Baroka anajifanya nguvu za kiume zimemwisha, Sidi, mrembo wa kijiji, anakwenda kwake kumcheka, na ananaswa. Darasa langu lilibishana siku mbili kama huo ni upendo au ni mtego. Waliosema mtego kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa wasichana. Wewe ungependa wabishane juu ya hilo wapi, kama si pale, mbele ya mwalimu wao?

Kisha niliwapa insha: upendo ulioushuhudia nyumbani. Nilitarajia harusi. Mmoja aliandika juu ya babu yake, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia bibi kwamba anampenda. Siku moja alimkosea, wakanuniana siku nyingi. Asubuhi babu akaenda mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, akakata jani la isale, ule mmea ambao sisi Wachagga tunaombea msamaha, akalifunga fundo, akaliweka juu ya figa la jikoni, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Aliporudi alikuta chai mezani. Insha ilikuwa nusu ukurasa, Kiingereza chake kina makosa kumi na moja, niliyahesabu. Nilimpa alama ya juu kuliko wote.

Jumamosi nitapanda Hiace ya kwanza kutoka Mbuyuni. Nitapita mpakani kwanza, kwenye masale aliyopanda baba mdogo, nikate moja. Naomba ulipokee.

Mwanao, mwalimu.