Kuhusu Zuhura na Vipodozi Vyake

Leicester, Uingereza

Dada yangu mpenzi Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imetushika.

Nimesikia umemnyang'anya Zuhura poda na rangi ya midomo, ukavitupa. Dada, mtoto ana miaka 14. Ukimkatalia wewe, atafundishwa na wenzake, na hutajua anapaka nini.

Mwache aanze na vichache: wanja, lipshaini, na poda kidogo ya kukausha jasho, maana joto la Tanga tunalijua. Faundesheni bado. Vile vichunusi vya kipajini akivizibia vitazidi. Wanja uwe wa penseli, wa kwake peke yake, asiazimane na wenzake, maana macho mekundu huambukizana hivyo. Na ule wa unga, mwingine huwa na madini ya risasi. Usiku aoshe uso kabla ya kulala, hata umeme ukikatika.

Mkorogo usiingie nyumbani mwako. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni ni marufuku Tanzania, ila watu bado wanaziuza, na zebaki huharibu figo. Akitokea wa kumwambia kuwa weusi haupendezi, mjibu wewe, hapo hapo, mtoto asikie.

Lakini lililonishikisha kalamu hasa ni piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono. Unakumbuka ile harusi pale Ngamiani, mkono wangu ulivyotoka malengelenge, bibi akasema ni kijicho cha watu? Mwaka jana nilipaka rangi ya nywele huku, uso ukavimba hadi macho yakafumba. Daktari akaniuliza: uliwahi kuchorwa piko nyeusi udogoni? Nilishtuka, kajuaje? Akanieleza kuwa weusi ule unatokana na kemikali ya rangi za nywele, PPD. Huku sheria inairuhusu kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2. Kwenye ngozi hairuhusiwi. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida utaikataa daima. Mimi sasa nywele zangu nitazeeka nazo na mvi zake, sawa, lakini Zuhura bado ana harusi nyingi mbele yake.

Hina yetu ya majani haina neno. Ikitoa wekundu wa kahawia, hiyo ndiyo hina. Idi inayokuja mkalishe barazani umpake mwenyewe, kama mama alivyokuwa akitupaka sisi, tukilala na mikono imefungwa vitambaa.

Nimempa mgeni anayekuja huko penseli mbili za wanja. Moja ni yako. Akishapambwa, mpige picha unitumie.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Salim