Noti ya Chini Haitoki: Ni Pumzi Yako au Ni Fluti?

Anayeanza fluti hapa Arusha huja na lalamiko lilelile: noti za B, A na G zinatoka vizuri, lakini akishuka F, E na D anasikia upepo tu. Huambiwa aongeze pumzi, naye anaongeza mpaka kizunguzungu kinamshika. Kama fluti ni ya mtumba, tunaomba tuione kwanza kabla ya kuyalaumu mapafu.

Fluti ni bomba la sentimita 67 hivi, lenye vipande vitatu: kichwa, mwili na mguu. Kadiri noti inavyoshuka ndivyo matundu mengi zaidi yanavyozibwa, na kila tundu lina pedi ya felti iliyovikwa ngozi nyembamba sana. Ili D itoke, pedi zote za juu yake lazima zizibe sawasawa. Moja ikiacha upenyo mwembamba kama karatasi, noti zote zilizo chini yake zinadhoofika. B haiathiriki kwa sababu inahitaji pedi chache, ndiyo maana muuzaji hupenda kukuonyesha B.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiangalie mng'aro. Chomoa kichwa, ziba tundu la mdomo kwa kidole, nyonya hewa upande wa pili kisha ziba kwa ulimi. Mvuto ukae sekunde kadhaa. Ukipotea mara moja, koki, yaani kizibo kilicho ndani ya kichwa, imekauka au imelegea. Halafu ingiza kijiti cha kusafishia: mstari uliochongwa milimita 17 hivi kutoka ncha yake uonekane katikati ya tundu la mdomo. Watoto hupenda kuzungusha kile kifuniko cha mwisho wa kichwa, na kila wakizungusha koki inahama, oktava mbili (noti zilezile, za chini na za juu) zinaacha kuelewana.

Kwenye mwili, tumia karatasi ya kusokotea sigara. Kata ukanda wa nusu sentimita, uweke chini ya pedi, funga kwa kidole chepesi, vuta polepole. Rudia mbele, nyuma na pembeni; ukinzani uwe sawa kote. Usikose pedi ya G shapu, noti iliyo nusu hatua juu ya G. Hiyo hufungwa na springi yenyewe wala si kidole chako, kwa hiyo springi ikichoka hutagundua kitu. Piga D ya chini huku mtu mwingine akiibonyeza pedi hiyo: sauti ikifunguka ghafla, mwizi umempata. Kubadilisha pedi au kurekebisha springi ni kazi ya kawaida ya fundi. Bomba lililobonyea kwenye maungio, au vyuma vilivyopinda, hapo tunakushauri uiache.

Kuhusu madini: nikeli silva haina fedha hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki, kwa kawaida ikipakwa fedha juu. Kwa mwanafunzi inatosha kabisa. Chagua yenye vifuniko vilivyozibwa (visivyo na tundu katikati), kifuniko cha G kilichosogezwa pembeni ili kidole cha pete kisijinyooshe, na mguu wa C, yaani unaofika C ya chini. Mtoto mwenye mikono mifupi atafutiwe kichwa kilichopinda. Zile za buluu na waridi za bei ya kutupa, shida yake si rangi. Vyuma vyake mara nyingi ni laini, vikipinda havina vipuri.

Sasa pikolo, ile fluti ndogo. Wengi huitaka kwa sababu katika bendi ya matarumbeta kanisani fluti humezwa, na pikolo hupenya. Ni kweli hupenya: ina nusu ya urefu wa fluti, na hutoa sauti oktava moja juu ya iliyoandikwa. Lakini tundu lake la mdomo ni dogo, na kosa dogo la midomo linasikika mpaka getini. Jifunze fluti kwanza, walau mwaka. Na kwenye bendi panda oktava moja juu, utasikika. Ukifika wakati wake, anza na pikolo ya plastiki yenye kichwa cha chuma. Nzuri zaidi ni za mpingo, ndiyo, mti uleule ambao hayati Sebastian Chuwa wa Moshi aliupigania upandwe. Ila mpingo una masharti. Asubuhi ya Julai hapa Arusha, ukipuliza pumzi ya moto ndani ya mti wa baridi, ndani hutanuka kabla ya nje na ufa unatokea. Ipashe kwanza mikononi. Ikiwa mpya, dakika 15 kwa siku kwa wiki mbili za kwanza, na kila mara kausha ndani.

Fluti ya chuma haipasuki, lakini ikiwa ya baridi sauti inashuka. Ipulizie hewa vuguvugu kimya kabla ya kutyuni. Ukimaliza, pitisha kitambaa cha pamba kwa kijiti. Kitambaa kibichi kisilale ndani ya boksi, hasa masika, pedi zitavimba. Maungio usiyapake Vaseline. Inashika vumbi na kuyasaga. Futa tu kwa kitambaa kikavu.

Fluti ikishapita majaribio yote na D bado inagoma, basi ni zamu ya midomo. Rudi kwenye kichwa peke yake mbele ya kioo, dakika 10 kwa siku. Mdomo wa chini ufunike kama robo ya tundu, na ukungu wa pumzi kwenye bamba la mdomo uchore pembetatu iliyonyooka katikati. Kisha unganisha fluti, shuka kutoka G noti moja moja. Legeza midomo, elekeza hewa chini zaidi, na upulize taratibu kuliko ulivyozoea.