Mama Kulwa, vidonge umeviacha kweli?

Kirumba, Jumanne usiku

Mama Kulwa,

Mwangaluka, ingawa ni usiku. Salamu nyingine tutamalizia nikishuka Nansio. Leo Mama Neema kanikuta Mwaloni napatana bei ya dagaa, akaniambia umeacha dawa za presha wiki nzima sasa, eti wifi yako kasema zinaleta mafuta kwenye damu. Dagaa niliwaacha palepale.

Kinachoniudhi ni kwamba wifi hajasema uongo mtupu. Mimi nilikuwa nameza dawa ya presha inayoitwa bendro, miligramu 5 kwa siku, ile ya kukupeleka chooni kila saa, nikapimwa mafuta, kolesteroli imepanda kidogo. Nilimfokea daktari wa watu! Akanieleza kwamba dawa za kukojosha zikiwa dozi kubwa zinaweza kupandisha, ila kwa 2.5 haionekani sana, na presha inashuka vilevile. Atenololi, dawa nyingine ya presha, nayo hupandisha mafuta mengine wanayoyaita traigliseraidi, na kuipunguza kidogo kolesteroli nzuri. Lakini losatani, kaptoprili na amlodipini hazina ugomvi na mafuta. Basi akanihamishia amlodipini. Sasa vifundo vya miguu vinavimba, jioni kandambili zinanibana, mzee ananiita Mama Tembo. Lakini nameza.

Unaona? Dawa inabadilishwa, haiachwi. Na kama yako ni atenololi ndiyo kabisa, ile haikatwi ghafla. Moyo unaweza kuanza kwenda mbio na presha ikarudi juu. Usianze kujipangia dozi tena nyumbani, nenda hospitali kesho asubuhi, useme wazi umeacha tangu lini. Hata mafuta yakiwa juu, yana dawa yake, unameza zote mbili. Usiniambie unajisikia mzima. Mzee Masatu naye alikuwa anajisikia mzima, akavuta nyavu jioni, halafu... basi, tuyaache.

Tena tusivisingizie vidonge tu. Kaango lako la sangara nalijua mimi.

Pakiti unayo au umeitupa? Imeandikwa jina gani, miligramu ngapi? Mafuta ulipimwa kabla ya kuanza dawa, au mnabishana na wifi bila cheti? Presha umepima lini mara ya mwisho? Nipande meli Alhamisi, au unavuka mwenyewe? Na sufuria langu la harusi ya Kulwa liko wapi?

Ni mimi,
Mama Tembo