Mgonjwa mmoja, madirisha mawili ya nini?

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari yenu kwamba tiba ya ulevi na magonjwa ya akili sasa "itasogezwa kwa wananchi" imenishinda kunyamazia. Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya 2018, iliyofuta ile ya 1964, inaanza kabisa kwa kutaja matibabu katika vituo vya afya vya ngazi ya chini. Kwa hiyo mliyotuletea kama habari mpya ni deni la zamani. Mwandishi wenu angefungua kabati la dawa la kituo kimoja tu cha ngazi ya tatu, habari ingekuwa fupi.

Nina mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori. Waragi, ile pombe kali yetu, aliianzia barabarani, sauti zikaja baadaye. Au labda sauti ndizo zilizotangulia, naye akanywa ili azinyamazishe. Mwaka jana tulimpeleka hospitali, sitaitaja, tumembana katikati kwenye boda boda. Dirisha la wagonjwa wa akili, muuguzi akamnusa, akaandika kwenye daftari letu (lile la shule, tunalonunua wenyewe getini) kwamba arudishwe akiwa hajanywa. Dirisha la walevi, veranda hiyohiyo, mwenzake akamsikia akijibizana na mtu tusiyemwona, akaandika chini ya mwandiko wa kwanza: apelekwe kwa wagonjwa wa akili. Hakuna aliyetukosea adabu, kila mmoja alikuwa na foleni yake ndefu. Tukarudi Malaba, tukafanya tulivyoambiwa, pombe tukamkatia ghafla. Siku ya tatu akatetemeka mwili mzima, akaona wadudu wakipanda ukutani, kisha degedege. Nani alitwambia kwamba mlevi wa miaka mingi akikatiwa pombe ghafla bila dawa anaweza kufa? Si dirisha la kwanza, si la pili! Jirani mmoja akaita mchungaji, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akashauri polisi, kana kwamba selo ina daktari. Aliyemwokoa ni muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu.

Wengine wanatwambia, mpelekeni Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Sawa, kitengo cha walevi kipo. Lakini Butabika iko Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na anayemsindikiza naye hula, naye hulala. Akirudi na dawa za mwezi mmoja, za mwezi wa pili zinatoka wapi?

Na tukiwa hapo hapo: vifuko vya waragi vilipigwa marufuku 2019, tukashangilia. Leo waragi iko kwenye vichupa vya plastiki, imepangwa kando ya biskuti kwenye vibanda ambako watoto hununua kalamu. Mheshimiwa Sarah Opendi, akiwa mbunge wetu wa akina mama hapa Tororo, alipeleka muswada wa kuweka saa za kuuza pombe. Bunge likautupa mwaka 2024. Kodi ya pombe lakini haijawahi kuambiwa, kama wagonjwa wetu, irudi Jumanne, siku ya kliniki.

Ninachotaka si jengo. Nataka chumba kimoja katika kituo cha kata, mhudumu mmoja aliyefundishwa kutibu ulevi na akili kwa pamoja, siku moja, kwa mgonjwa yuleyule, na dawa zisizoisha katikati ya mwezi. VHT wetu, wale wahudumu wa afya wa kijijini, wampitie nyumbani, wanajua kila mlango. Na kama mpango bado unahitaji semina, isifanyikie hotelini Entebbe. Ifanyikie chini ya mwembe wa kituo chetu, siku ya gulio. Waheshimiwa wapande taksi kutoka Kampala, kila mmoja akiwa amemshika mkono mgonjwa anayetaka kushuka njiani. Chai tutapika sisi.

Mama wa duka la vipuri,
Malaba, Tororo