Dada, ile BSA ya ami iuze na kutu yake

Asalaam aleikum dada, mwana wa ami.

Nakuandikia hapa wazi badala ya kukupigia manake kwenye simu tutakatizwa, na pia najua nyumba nyingi huku pwani zina pikipiki ya mzee imefunikwa gunia uwani na wenyewe hawajui wana nini, basi wacha na wao wasome.

Nimeskia mshaongea na fundi wa rangi aje aipige msasa ile pikipiki ya BSA ya marehemu ami, aipulize nyeusi mpya, tangi lipelekwe Mombasa likatiwe kroma, ndo muite wateja. Dada nakuomba sana, mzuie. Iuze vile ilivyo, na kutu yake na rangi yake iliyofubaa, hata ule mkwaruzo wa kwenye tangi uacheni. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa ndo imeenda, hairudi kwa pesa yoyote, na mnunuzi anayezijua hizi pikipiki hicho ndo kitu cha kwanza atakachoinama kukitazama.

Ile ni BSA B31, silinda moja, cc 348, zikitengenezwa Birmingham kuanzia 1945 mpaka 1959. Kampuni yenyewe ilianza na bunduki kabla ya pikipiki, ndo maana nembo yao ni bunduki tatu zimeegemezwa pamoja. Ya ami ni ya mwanzo wa miaka ya 1950, utaijua kwa zile springi za nyuma zilizosimama wima kando ya gurudumu, na gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume na hizi Boxer za bodaboda za vijana wetu. Kabureta bado ni ile ile Amal, magneto (ile ya kutoa cheche ya plagi) na dainamo ni Lucas zimeshikana kitu kimoja, spidomita ni Smiths inayosoma maili. Yaani ukiacha eksozi, miaka yote hiyo ami hakuibadilisha kitu, na unajua alivyokuwa, hata nati ikianguka aliitafuta na tochi mpaka aipate. Hiyo ndo mali dada, si kung'aa.

Najua kaka atasema nani atanunua chuma kimeoza. Mwambie hivi, mwaka 2016 kule Uingereza ziliuzwa pikipiki nane za Brough Superior kwenye mnada wa Bonhams pale Stafford, zilikuwa zimetelekezwa kwenye banda zaidi ya miaka 50, nyingine zimefunguliwa vipande, kutu tupu, na moja ya hizo, yenye silinda nne, ilifika paundi 331,900. Hakuna aliyezipaka rangi kwanza. Sasa nisikudanganye, B31 si Brough Superior, Brough ilikuwa pikipiki ya matajiri na zilitengenezwa chache, B31 ilikuwa ya mtu wa kazi na zilitoka nyingi, huko kwao inakwenda paundi elfu chache. Kwa hiyo kina kaka wasianze kugawana nyumba za Nairobi vichwani mwao. Lakini ndo sababu zaidi ya kutoitengeneza, manake mkianza kulipa rangi, kroma, spoku, rimu, siti, pesa ya matengenezo itaipita bei ya pikipiki yenyewe, halafu mnunuzi aje aone kroma ya juzi na aulize chini kuna nini.

Na fundi wa bodaboda asiiguse kabisa. Si kwamba hajui kazi, vijana wetu ni mafundi kwelikweli, ila nati za BSA ni vipimo vya Kiingereza vya zamani, spana ya milimita haikai vizuri, itakula vichwa vya nati zote mpaka zianze kukatwa na tindo. Nishaona kwa macho yangu pikipiki ya Kiingereza imevuliwa magneto ikafungwa koili ya Mhindi na kabureta ya TVS, zile za bodaboda, ili iwake tu, na kile kilichotolewa kikauzwa kwa kilo. Mwenyewe alifurahi imewaka. Mimi nilisikitika siku nzima.

Hata nyinyi msiipige kiki kuona kama itawaka. Imekaa muda mrefu na chumvi hii ya Malindi, ringi zinaweza kuwa zimeshikana na silinda, ukilazimisha unavunja kitu. Fungua plagi, mimina oili nyepesi kidogo ndani, rudisha plagi, iache. Petroli ya zamani kwenye tangi imwagwe, ishakuwa gundi. Ipandisheni juu ya mbao isikae kwenye sakafu, ifunikwe shuka la pamba au leso kuukuu, si turubai la nailoni, manake nailoni inashika unyevu ndani na hapo karibu na bahari kutu itaila kwa mwezi kuliko ilivyoila miaka yote. Vumbi pangusa kwa kitambaa chenye oili kidogo, na mtu asiilete ile mashine ya kuoshea magari.

Sasa kuhusu yule dalali. Alikwambia namba ya injini na namba ya chasisi hazifanani kwa hiyo ni ya kuungaunga na bei lazima ishuke nusu. Si kweli. BSA za wakati ule namba hizo mbili hazikufanana tangu zinatoka kiwandani, kila moja ilikuwa na mfululizo wake. Triumph ndo waligonga namba moja kotekote miaka hiyo, labda amechanganya, labda anajua anachofanya, Mungu ndo anajua. Ukweli utapatikana kwa wenye vitabu. Kuna chama Uingereza kinaitwa Vintage Motor Cycle Club, kipo tangu 1946, wameweka kumbukumbu za kiwanda cha BSA, unawapa namba na ada yao wanakutazamia pikipiki ilitoka tarehe gani na ilipelekwa wapi. Karatasi hiyo ukiwa nayo mkononi dalali hana la kusema. Namba ya injini iko upande wa kushoto chini ya silinda, ya chasisi tafuta kwenye bomba la mbele, futa kwa kitambaa tu, usikwangue, piga picha mchana kwenye mwanga.

Na jambo jingine, watu huchukua B31 wakazigeuza Gold Star za bandia, Gold Star ndo ile BSA ya mbio, sababu fremu zinakaribiana na Gold Star ni ghali mno. Akija mtu anataka fremu peke yake au gia boksi peke yake, mkatalie hata kama ameweka pesa mezani. Ikivunjwa haitaungwa tena.

Wanunuzi wapo. Kuna Wataliano hapo hapo Malindi wamekaa miaka mingi na wanapenda hivi vitu kwa roho, na Nairobi kuna wale wanaopeleka magari na pikipiki kongwe kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa farasi wa Ngong kila mwaka. Waambie yote bila kuficha, kwamba eksozi si yake, kioo cha taa kina ufa, injini haijawashwa siku nyingi. Mnunuzi wa kweli hakimbii ufa, anakimbia uongo. Ile risiti ya mkono aliyopewa ami na yule mkulima mzungu aliyeuza vitu vyake akaondoka mwaka wa uhuru, itafute kwenye sanduku la makaratasi, ni sehemu ya pikipiki kama injini ilivyo. Logibuku usimtumie mtu picha yake kwa WhatsApp. Na kabla ya kuhamisha jina kule NTSA, wale wa usajili wa magari, mirathi kwa Kadhi iwe imeandikwa kila kitu, na dada zako wawili wapate fungu lao kwenye pesa hii, wasiambiwe pikipiki ni mambo ya wanaume. Ami aliwapakia wao shule kwenye siti ile ile.

Ile Bantam, BSA nyingine ndogo, isiyo na injini iliyo nyuma ya tangi la maji msiitupe kwa wa chuma chakavu. Angalia kwanza kwenye makopo ya maziwa pale rafuni, ami alikuwa akihifadhi vipuri humo amevifunga kwa magazeti, na injini yake ni ndogo, cc 125 tu, inaingia ndani ya debe. Nikija Ijumaa ntavipanga vyote mkekani, tuone nini ni cha ipi, halafu tuandike bei.